Uzi: Vikings walikosea kumwacha Darnold, au walikosea baada ya kumwacha?

Mzee wa Yadi (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Tangu Seattle Seahawks wabebe kombe la Super Bowl Februari hii ya 2026, kila grupu la NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, nililomo linaimba wimbo mmoja: Minnesota Vikings ni vichekesho, walikuwa na kwotabeki Sam Darnold mkononi wakamwachia aondoke bure, na jamaa msimu wake wa kwanza tu Seahawks kawapiga Patriots 29-13 na kuwa bingwa. Wengi wanaolaani leo ni walewale waliosema Machi mwaka jana kwamba aende zake, ameshaonyesha rangi yake.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusizungushane. Kumwacha Darnold hakukuwa ujinga. Ujinga ulikuja baadaye, pale kijana aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti alipofanywa kuwa mpango wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Twende taratibu, najua humu kuna wageni wa mchezo. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa karibu kila shambulizi na kuamua uende wapi. Ligi ina kikomo cha mishahara. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu, na hapo unalipa wachezaji zaidi ya 50. Kwotabeki wa daraja la juu anamega kipande kikubwa peke yake: mkataba wa Dak Prescott wa Dallas una wastani wa milioni 60 kwa mwaka. Chipukizi wa drafti, ile siku timu zinapochagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni, yeye malipo yake yamepangwa kufuatana na namba aliyochaguliwa. J.J. McCarthy, chaguo la 10 mwaka 2024, mkataba wake wote wa miaka 4 ni kama milioni 22. Miaka yake minne haifiki nusu mwaka wa Prescott.

Haikuwa hivi zamani. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alisaini miaka 6 kwa milioni 78, na 50 kati ya hizo zilikuwa za uhakika kabla hajarusha pasi hata moja. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakaingia makubaliano mapya, na Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akapata miaka 4 kwa milioni 22 hivi. Tangu hapo kila meneja anaota ndoto moja: kwotabeki chipukizi anayeijua kazi, na pesa inayobaki inunue watu wengine. Seattle walichukua ubingwa wao wa kwanza, Februari 2014, kwa njia hiyohiyo. Russell Wilson alikuwa chaguo la 75 na mshahara wake haukufika milioni moja.

Sasa Darnold. Alikuja Minnesota Machi 2024 kwa mwaka mmoja na milioni 10, ashikilie nafasi mpaka kijana aive. Agosti McCarthy akachanika gegedu la goti na msimu wake ukaisha kabla haujaanza. Darnold akaibeba timu: ushindi 14, vipigo 3, pasi za tachidauni (za kufunga, mpira ukifika eneo la mwisho la wapinzani) 35, yadi 4,319. Walipowafunga Packers 27-25 wenzake walimzingira kwenye chumba cha kubadilishia nguo wakammiminia maji ya chupa mpaka akalowa chapachapa. Siku saba baadaye wakaenda Detroit kugombea nafasi ya kwanza ya NFC, nusu moja ya ligi: alirusha pasi 41 zikafika 18, kipigo 31-9. Kisha mechi ya mtoano dhidi ya Rams, iliyohamishiwa Arizona kwa ajili ya ule moto wa Los Angeles. Aliangushwa na mpira mkononi mara 9. Kipigo 27-9.

Kumbakiza kwa nguvu mwaka mmoja zaidi kungegharimu milioni 40 na ushee. Wewe ungetoa, ukiwa umetoka kuona hayo, na chaguo la 10 limekaa nyumbani linauguza goti?

Halafu kuna jambo mashabiki wa Vikings wanajifanya wamelisahau. Mwaka 2017 Case Keenum, mchezaji wa akiba, alishika usukani timu ikamaliza 13-3, akarusha ile pasi ya muujiza kwa Stefon Diggs dhidi ya Saints. Wakamwacha aende Denver. Alimaliza na 6-10, na baada ya msimu mmoja akauzwa. Kuna aliyefungua uzi? Mwaka 2024 wakamwacha Kirk Cousins aende Atlanta kwa mkataba wa milioni 180, na kabla ya Krismasi alikuwa amewekwa benchi. Watu wakapiga makofi. Hesabu ilikuwa ileile mara zote tatu, ila ya tatu ndiyo iliyouma.

Kosa lenyewe ni hili. Kwotabeki Daniel Jones alikuwa kwenye kikosi chao mwishoni mwa 2024, akaenda Indianapolis kwa milioni 14. Kwotabeki mkongwe Aaron Rodgers alikaa sokoni mpaka Juni, wakasema hapana. Sam Howell walimleta, Agosti wakamtoa. Carson Wentz akasaini wiki mbili tu kabla ya msimu. McCarthy akaanza mechi 10 kati ya 17, leo kifundo cha mguu, kesho kichwa, keshokutwa mkono. Pasi 11 za tachidauni, 12 zilizonaswa na wapinzani. Timu ikamaliza 9-8 na mtoano wakautazama kwenye runinga.

Karibuni. Hoja kwa hoja, matusi pembeni.

Kitasa

Uzi umeenda shule. Nakaa hapa.

Chaguo la 199

Mkuu, umeandika vizuri lakini umemtetea meneja kwa hoja ambayo hata mimi na wewe tungeweza kuitoa. Meneja halipwi kwa kusoma takwimu tunazoziona wote. Kocha Kevin O'Connell alikaa na Darnold mwaka mzima, kila mazoezi, kila kikao cha kutazama mikanda. Kama kuna watu duniani walipaswa kujua kwamba zile mechi mbili si picha kamili ya mtu, ni wao.

Na tuangalie mara hizo 9 alizoangushwa. Wale wa kati wanaomkinga kwotabeki walikuwa wanapitwa kama hawapo. Vikings wenyewe waliliona, maana Machi hiyohiyo walimsajili Will Fries na Ryan Kelly kutoka Colts, na Aprili wakatumia chaguo la 24 kumchukua Donovan Jackson, naye wa safu hiyohiyo. Unamfukuza dereva, halafu ndiyo unapeleka gari likatengenezwe breki.

Mzee wa Yadi

Hiyo ya breki nimeikubali. Lakini rudia kutazama ile mechi ya Rams. Safu ilikuwa mbovu, sibishi, ila kuna mara kadhaa Darnold alishika mpira akihesabu nyota. Sekunde tatu, nne, mtu yuko wazi pembeni, yeye bado anatafuta pasi ndefu. Safu na kwotabeki walichangia wote.

Shangazi Mkwaju

Samahanini wapendwa, mimi mgeni, mume wangu ndiye anayeamka usiku kuangalia haya mambo. Swali langu: kwa nini hawakumuuza tu? Kwenye soka mchezaji akiwa na msimu kama ule timu inavuna pesa ndefu.

Mzee wa Yadi

Dada karibu sana. Huku timu hazinunuliani wachezaji kwa pesa. Zinabadilishana wachezaji na nafasi za kuchagua kwenye drafti. Na Darnold mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, ukiisha ni mtu huru. Njia pekee ilikuwa kumfunga na ule mkataba maalumu wa mwaka mmoja niliosema, wa milioni 40, kisha kumtafutia mteja. Hatari ni kwamba wateja wakikaa kimya, unabaki na milioni 40 kwenye hesabu zako wakati umepanga kusajili ukuta mzima. Na wote sokoni wanajua una haraka.

Shangazi Mkwaju

Nimeelewa. Kumbe ni kubadilishana tu wenyewe kwa wenyewe. Asante.

MwanaMinnesota

Wazee, mimi niko Minnesota, miaka mingi sasa, wanangu wamezaliwa na jezi za zambarau. Wacha niwaambie ilivyokuwa huku ardhini, maana naona wengi mnahukumu kwa vipande vya video.

Machi mwaka jana hakuna aliyekuwa analia. Kazini kwangu wote tulisema Darnold asante, kwa heri. Mji mzima ulikuwa unamsubiri McCarthy. Halafu mechi ya kwanza ikatufanya tujione tuna akili. Chicago, uwanja wa Soldier Field, kijana anacheza karibu na alikokulia, robo tatu za kwanza hovyo kabisa, na pasi moja ikanaswa ikarudishwa mpaka tachidauni. Tuko nyuma 17-6. Robo ya nne akampa Justin Jefferson tachidauni, akampa Aaron Jones, kisha akakimbia mwenyewe akafunga ya tatu. 27-24. Usiku ule ungeniuliza kuhusu Darnold ningekuuliza, Darnold gani?

Wiki iliyofuata Atlanta wakatupiga 22-6 nyumbani, kifundo cha mguu kikaenda, na tangu hapo ni vuta nikuvute.

Lakini siku iliyoniumiza ni tarehe 30 Novemba. Tulienda Seattle na McCarthy yuko nje, anaanza Max Brosmer, chipukizi ambaye hata kwenye drafti hakuchaguliwa. Tunahitaji yadi moja, jaribio la nne na la mwisho, karibu na mstari wa goli lao. Kijana kabanwa, anaanguka, badala ya kukubali kuangushwa akautupa mpira hewani. Ernest Jones wa Seattle akaudaka akakimbia nao yadi 85. Mwanangu wa kiume alizima runinga bila kuniuliza, na mimi sikumwambia aiwashe. Mechi iliisha 26-0, pasi 4 zilinaswa.

Na hapa ndipo namuunga mkono mleta uzi. Siku hiyo Darnold mwenyewe alirusha yadi 128 tu na akaangusha mpira. Hakutushinda yeye. Tulishindwa kwa sababu hatukuwa na mtu wa pili wa maana. Rodgers alikuwa tayari kuja! Hata mzee wa miaka 41 angetupatia mechi mbili tatu zaidi, na tukawa kwenye mtoano.

Wembe

Nilikuwa nasubiri mtu aseme hilo. Mnamsifu Darnold kana kwamba alibeba Seattle mgongoni. Kwenye msimu wa kawaida hakuna mchezaji aliyepoteza mpira mara nyingi kuliko yeye: mara 20, pasi 14 zilizonaswa zikiwemo. Mechi ya Novemba kule kwa Rams alinaswa mara 4, wakapoteza 21-19. Kilichomwokoa ni ulinzi wa kocha Mike Macdonald na Jaxon Smith-Njigba aliyeongoza ligi kwa yadi 1,793. Super Bowl yenyewe mchezaji bora alikuwa Kenneth Walker, na Jason Myers alipiga mateke 5 yaliyoingia. Darnold alirusha yadi 202. Alifanya kazi yake, basi.

Chaguo la 199

@Wembe umeruka nusu fainali makusudi? Rams walewale, yadi 346, tachidauni 3, 31-27. Kwotabeki wao Matthew Stafford upande wa pili anapiga kila kitu, na Darnold akamjibu pasi kwa pasi. Mechi 3 za mtoano hakunaswa hata mara moja. Hii ndiyo "hawezi mechi kubwa" yenu?

Wembe

Mechi tatu. Vikings walihukumiwa kwa kumhukumu kwa mechi mbili, wewe unamtukuza kwa tatu.

Kitasa

Hapo kashikwa.

Bahari Shwari

Ndugu zangu, salaam kutoka Mombasa. Hii hadithi ina kaka yake mkubwa, na ajabu ni kwamba Vikings wamo pia.

Mwaka 2004 San Diego Chargers walimpata kwotabeki kijana Philip Rivers siku ya drafti, kwa kubadilishana na Eli Manning. Kwotabeki wao Drew Brees akiwa palepale. Rivers akakaa benchi miaka miwili kwa sababu Brees alianza kucheza ghafla. Mechi ya mwisho ya 2005 bega la Brees la kurushia likachanika. San Diego wakasema tuna kijana, tunalipia bega bovu la nini? Miami nao wakamtaka Brees, madaktari wao wakasita, wakamchukua Daunte Culpepper kutoka, wapi tena, Minnesota! Culpepper akacheza mechi 4 tu Miami. Brees akaenda New Orleans, na Februari 2010 akabeba kombe. Na kwenda fainali alimpitia nani? Vikings ya Brett Favre, 31-28 muda wa nyongeza, baada ya Favre kurusha pasi ikanaswa na Tracy Porter wakiwa karibu kabisa na umbali wa kupiga teke la ushindi.

Lakini msimalize hapo. Rivers alipopewa timu mwaka 2006 walimaliza 14-2. Alikuwa kwotabeki mzuri kwa zaidi ya muongo mmoja, ila Super Bowl hakuiona. Je, San Diego walikosea? Mimi hadi leo sijui nimjibu nini anayeniuliza. Walipata walichokitaka, na waliyemwacha akapata zaidi.

Kwa kumalizia utamu: Desemba hii iliyopita Daniel Jones, yule aliyepita Minnesota, alichanika mshipa wa kisigino akiwa Colts. Wakampigia nani? Rivers, umri miaka 44, alikuwa hajacheza tangu Januari 2021. Mechi yake ya kwanza kurudi ilikuwa dhidi ya Seattle ya Darnold. Wakapoteza 18-16, mateke 6 ya Myers.

Mzee wa Yadi

Bahari Shwari wewe ni hazina. Tofauti ninayoiona ni moja: Rivers alikaa miaka miwili akitazama na mwili wake mzima. Patrick Mahomes wa Kansas City alikaa mwaka 2017 nyuma ya Alex Smith, na Smith mwaka huo alikuwa anacheza vizuri kuliko wakati wowote maishani mwake, Kansas City wakamtoa hivyohivyo. Mwaka uliofuata Mahomes alirusha tachidauni 50. Jordan Love wa Green Bay miaka mitatu nyuma ya Rodgers. McCarthy naye "alikaa" mwaka, ila alikaa na magongo. Hakurusha mpira mazoezini, hakuongoza hata kikosi cha pili. Watu wa Minnesota walihesabu mwaka ule kama mwaka wa kujifunza. Kwangu mimi haukuwa.

Kitasa

Kuna kitu hamjakigusa. Kwenye drafti ya 2024 iliripotiwa sana kwamba Vikings walitaka chaguo la 3 la Patriots wamchukue Drake Maye, Patriots wakakataa. Kwa hiyo Super Bowl hii, upande mmoja kasimama waliyemwacha, upande wa pili waliyemkosa. Na Darnold mwenyewe ndiye yule aliyenaswa na kinasa sauti mwaka 2019, akiwa Jets, akisema anaona mizimu, siku Patriots walipompiga 33-0. Huku Dar mechi ilianza saa nane na nusu usiku, nikaenda kazini macho mekundu, bosi akadhani mimi ndiye niliyeona mizimu.

Chaguo la 199

😂😂 Sasa tuseme ya mbele. Msimu ujao mnawaonaje?

Wembe

Seattle wataanza kuhangaika. Klint Kubiak aliyekuwa anapanga mashambulizi kachukuliwa na Raiders awe kocha mkuu. Darnold bila mpangaji mzuri tulimwona New York na Carolina. Mkataba wake hata hivyo ni wa maana: miaka 3, milioni 100.5, wastani wa 33.5. Kwa bingwa, bei ya kutupa. Walinzi nao watataka kulipwa kibingwa, hapo ndipo shughuli itakapokuwa.

MwanaMinnesota

Huku wamemtimua meneja mkuu Kwesi Adofo-Mensah mwishoni mwa Januari, kwa hiyo kuna mtu ameshalipia. Kocha amebaki. Timu si mbovu: ulinzi wa Brian Flores uko vizuri, tulishinda mechi 5 za mwisho, Jefferson bado ni Jefferson ingawa safari hii yadi 1,000 alizipita kwa taabu. Mimi simtaki McCarthy atupwe. Ana miaka 23 na mechi 10. Ila wamlete mtu mzima, anayelipwa pesa ya kueleweka, washindane Julai na Agosti, anayeshinda acheze. Asiletwe mwalimu wa kumshika mkono. Aletwe mtu anayeitaka nafasi yake.

Mzee wa Yadi

Nasaini chini ya hilo. Na nadhani wakifanya hivyo mwaka huu, watakuwa wamefanya mwaka mmoja baadaye jambo ambalo lingegharimu kidogo zaidi ya milioni 14 Machi iliyopita, Daniel Jones akabaki. Jones alianza na Colts 8-2, kumbukeni.

Chaguo la 199

Au wangempa Darnold milioni 33 wakabeba kombe.

Mzee wa Yadi

Kwa walinzi wale wa Seattle au wa Minnesota?

Chaguo la 199

Mkuu, naenda kulala. Kesho naja na takwimu za safu ya ulinzi.

Shangazi Mkwaju

Jamani, drafti yenyewe ni lini? Nimuulize nani tumchague, mume wangu anasema nisimsumbue.

MwanaMinnesota

Aprili, Pittsburgh. Raiders wanachagua wa kwanza, wengi wanamtaja Fernando Mendoza wa Indiana. Mwambie shemeji aandae nafasi kwenye kochi, ni siku tatu mfululizo.